Programu mpya ya duka inazingua, nivumilie mpaka lini?

*"Habari za kazi kaka. Nina duka la jumla na rejareja hapa Morogoro. Miezi miwili iliyopita niliacha daftari nikanunua programu mpya ya mauzo, ipo kwenye simu mbili na laptopi moja. Waliotuuzia ni vijana wazuri tu, ila programu yenyewe ndo imetoka mwaka huu. Inaganda, saa nyingine inajifunga yenyewe, risiti inatoka jina la duka limekatika. Hayo nimeshazoea. Kinachoninyima usingizi ni kwamba kila wiki mauzo ya kwenye programu yanazidi hela iliyopo kwenye droo na lipa namba, mara elfu 18, mara elfu 40 na kitu. Nikiwauliza wananiambia programu yoyote mpya lazima iwe na bagi, nivumilie, wanaleta toleo jipya. Mume wangu yeye anasema kompyuta haikosei hesabu, anayekosea ni binti anayeuza, na mwezi uliopita tumemkata elfu 60 kwenye mshahara. Je ni kweli mtumiaji anatakiwa avumilie bagi kwenye programu mpya? Au nirudi kwenye daftari langu?"*

Dada, nzuri kabisa, pole na mihangaiko. Umeuliza habari ya uvumilivu ila mi naona swali lenyewe liko kule chini, kwenye ile elfu 60 ya binti. Tutafika. Ngoja kwanza tumalizane na hao vijana wako.

Wanaposema programu mpya lazima iwe na bagi, yani kasoro ndani ya programu, hawakudanganyi, hapo wamesema kweli. Hata wakubwa wenye hela na maelfu ya wafanyakazi yanawakuta. Septemba 2014 Apple walitoa iOS 8.0.1, apdeti ya mfumo wa iPhone, watu wenye iPhone 6 wakaapdeti na simu zikapoteza mtandao kabisa, kupiga hupigi, alama ya kidole haisomi, Apple wakaitoa hewani siku hiyohiyo na kesho yake wakaleta 8.0.2. Oktoba 2018 Microsoft nao wakatoa apdeti ya Windows 10 ambayo kwa baadhi ya watu ilifuta picha na nyaraka zao, yani mtu anawasha kompyuta folda hamna kitu, ikabidi wasimamishe zoezi zima na hawakuirudisha mpaka katikati ya Novemba. Hiyo ya Microsoft iweke kichwani, ntairudia.

Kwanini inakuwa hivo? Watu wengi wanadhani ni uvivu wa mafundi. Uvivu upo, sikatai, tena upo sana, ila chukua hiyo apu yako ndogo tu. Bidhaa inauzwa kwa katoni, dazani au pisi, hizo njia 3. Mteja analipa keshi, lipa namba au anakopa, 3 nyingine. Kuna punguzo au hamna. Mtandao upo, haupo, au ule wa kuja na kuondoka. Simu ina chaji ya kutosha au iko asilimia 3. Mteja kanunua moja kwa moja au kabadili mawazo katikati, "hebu toa hiyo sabuni". Zidisha zote hizo unapata hali 216, na hapo sijagusa aina za simu wala binti anayebonyeza haraka kwasababu foleni imefika barabarani. Fundi anajaribu labda 30 au 40 zile anazozifikiria, zilizobaki mnazijaribu nyie dukani bila kujua.

Na mi mwenyewe nimeshawahi kuwa upande wa pili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza apu ya mauzo kwa kampuni moja inayosambaza vinywaji kwa magari. Tulijaribu ofisini, intaneti ya faiba, simu mpya, viti vya kuzunguka, kila kitu kikaenda murua tukaitoa siku ya Ijumaa (usitoe programu Ijumaa, huo ni ushauri wa bure). Jumatatu madereva wanarudi wamenuna, mmoja apu inasema kauza kreti 64 na gari lilibeba 50. Gari halikuongezewa mzigo njiani jamani. Ofisini hatukuwa na njia ya kuona tatizo kwasababu ofisini mtandao haukati, kule vijijini kati ya duka na duka unakata kila baada ya kilima. Na nadhani hicho ndo kinakutokea wewe, kwahiyo acha nikueleze taratibu.

Binti akimaliza kuuza anabonyeza kitufe cha kumaliza mauzo. Simu inatuma taarifa kwenda kwenye seva, ile kompyuta kuu ya programu inayotunza kumbukumbu, seva inaandika mauzo kwenye kitabu chake kisha inajibu "nimepokea". Sasa tuseme taarifa imefika, seva imeshaandika, ila jibu linarudi mtandao ukakata. Simu haijui. Inakaa inazungusha kale kaduara, baadae inajiambia labda haikufika, inatuma tena. Au binti anaona imeganda anabonyeza mara ya pili na ya tatu. Ni kama umetuma mzigo kwa basi kwa mdogo wako Dodoma, mzigo umefika ila hakukupigia kukwambia, na wewe kwa wasiwasi ukatuma mwingine, mdogo wako ana mizigo miwili na wewe unaamini umetuma mmoja. Seva inaandika mauzo mawili. Kilichotoka dukani ni kimoja, hela iliyoingia ni ya kimoja, jioni programu inakudai hela ambayo haijawahi kuwepo.

Dawa yake inajulikana miaka mingi na wala sio ngumu. Simu inatakiwa iyape mauzo namba yake ya pekee kabla ya kuyatuma, ikituma tena inatuma na namba ileile, seva ikiona "hii namba ninayo" inaikataa ya pili inajibu tu nimeshapokea. Kwahiyo ukiongea na vijana wako waulize hili kwa maneno hayahaya: kila mauzo yana namba inayotoka kwenye simu, na seva inakataa ikijirudia? Wakikwambia ndio waambie wakuonyeshe. Wakianza kuzunguka mbuyu umeshapata jibu.

Usikubali kwa maneno tu, jaribu mwenyewe jioni duka likishafungwa. Chukua simu ya dukani, uza kipande kimoja cha sabuni, bei unayoijua. Mwambie mtu akusaidie, ukibonyeza kumaliza na yeye palepale azime data. Subiri kaduara kazunguke, bonyeza tena mara mbili kama binti anavyofanya, halafu washa data. Nenda kwenye orodha ya mauzo ya leo. Rudia mara kumi hivi kwasababu ni suala la kubahatisha sekunde. Ukikuta mistari miwili ya sabuni, bei ileile, zimepishana sekunde chache au dakika moja, umemkamata mwizi wako na hana mikono. Piga skrinishoti, usifute hiyo mistari mpaka waje waione.

Halafu rudi nyuma kwenye wiki zile zenye upungufu, tafuta mistari pacha ya namna hiyo, jumlisha. Kama una mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya siku ile nayo ni shahidi mzuri, maana inasoma kilichotolewa risiti kwenye mashine na sio kile ambacho simu imejirudia kutuma, mradi tu hiyo EFD isiwe imeunganishwa na programu yenyewe. Siku ambayo Z iko sawa na droo na programu peke yake ndo iko juu, basi hapo hata mume wako ataelewa.

Na kuhusu mume wako, msemo wake wa kompyuta haikosei hesabu mi nausikia kila wiki. Kweli kompyuta haikosei 8 jumlisha 8. Ila inajumlisha ulichoipa, na ikipewa kitu mara mbili inajumlisha mara mbili kwa usahihi kabisa. Uingereza walilipa ghali sana kwa msemo huohuo. Posta yao ilianza kutumia programu ya hesabu inaitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, kuanzia 1999. Wale wanaoendesha vile viofisi vya posta mitaani, wengi wao watu wa kawaida wenye kaduka kama wewe, wakaanza kuona upungufu jioni. Wakipiga simu kuuliza wanaambiwa lipa kutoka mfukoni kwako. Wapo waliouza nyumba, waliofilisika, waliofungwa jela. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani mpaka kufikia 2015 kwa wizi na udanganyifu wa mahesabu, kwa ushahidi wa programu iliyokuwa na bagi. Sheria yao ilikuwa inachukulia kompyuta iko sawa mpaka mtu athibitishe haiko sawa, sasa muuza stempu atathibitishaje? Desemba 2019 ndo Mahakama Kuu ikasema wazi kwamba programu ilikuwa na bagi zenye uwezo wa kuleta upungufu wa uongo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hizo hukumu kwa mkupuo.

Sasa sikia hii. Moja ya bagi zilizotajwa kwenye ile kesi ilijitokeza 2015 kwenye posta ya Dalmellington, Scotland. Mhudumu alikuwa anapokea pauni 8,000 kwenye mfumo, skrini ikaganda, akabonyeza tena, na tena. Kila akibonyeza mfumo ukaandika amepokea pauni 8,000 nyingine bila kumwonyesha chochote. Mara 4, pauni 32,000 kwenye kitabu na mkononi ana 8,000. Pengo la 24,000 limezaliwa kwa kubonyeza kitufe. Ina tofauti gani na binti yako na kaduara kanakozunguka?

Kwahiyo tukirudi kwenye uvumilivu, mi sipimi kwa upya wa programu. Mi nauliza, hii bagi inapiga kelele au inanyamaza? Programu kuganda, kujifunga yenyewe, risiti kukata jina, hizo zinapiga kelele. Zinakera, zinakupotezea dakika mbili na mteja anaguna, lakini unaziona, unajua lini imetokea, unazima unawasha maisha yanaendelea. Hizo kwa programu iliyotoka mwaka huu zivumilie, tena nakwambia hao vijana wakizirekebisha haraka mno bila kupima wanaweza kuharibu kingine. Ile inayonyamaza, inayoandika hesabu isiyo kweli huku skrini ina tiki ya kijani, au inayofuta kumbukumbu bila kusema, hiyo haina cha upya wala uzee. Haivumiliwi hata siku moja. Hela, dawa, madeni ya watu, matokeo ya mitihani, popote ambapo namba ya uongo inaweza kumgeukia mtu, hapo neno vumilia halifai kutumika. Vijana wako wameweka kapu moja risiti iliyokatika jina na mauzo yanayojizidisha, na hapo ndo nawalaumu.

Hapa ndo narudi kwa Microsoft. Ile bagi ya kufuta mafaili kuna watumiaji wa majaribio walishairipoti kabla toleo halijatoka, ila ripoti zao zilizama kwenye maelfu ya malalamiko mengine, sijui rangi, sijui fonti. Baadae Microsoft wakaongeza sehemu ya mtoa taarifa kusema tatizo lina ukubwa gani. Nawe fanya hivo. Usiwatumie voisi noti ya dakika tatu inayoanza na risiti, inapita kwenye kuganda, inaishia kwenye hela, watasikia risiti tu kwasababu ndo rahisi. Andika ujumbe mmoja wa jambo moja: tarehe fulani, saa 10 na dakika 42 jioni, simu ya kaunta, mauzo ya sabuni yameandikwa mara mbili, skrinishoti hii, nimeweza kulirudia mara 3 kwa kuzima data. Fundi akipata ujumbe wa namna hiyo hana pa kukimbilia, na mzuri atafurahi kwasababu umemfanyia nusu ya kazi.

Ila lazima niwe mkweli, sijaiona programu yako, inawezekana sio hiki. Angalia pia kama kuna bidhaa inauzwa pisi lakini programu inaandika bei ya katoni, hilo nalo ni la kawaida sana kwenye programu changa, mtu mmoja aliingiza bidhaa akasahau kujaza katoni ina pisi ngapi. Angalia mauzo ya mkopo, yasije yakawa yanahesabika kama keshi. Angalia bidhaa zilizorudishwa. Na samahani dada, angalia na wewe mwenyewe, ile elfu 5 ya mboga uliyochota kwenye droo jioni uliiandika? Wenye maduka wengi hapo huwa wanacheka kwanza kabla ya kujibu. Na ndio, inawezekana pia kuna mkono wa mtu. Nachosema ni kwamba kwa ushahidi ulionao sa hivi huwezi kujua, na ukiwa huwezi kujua huwezi kumkata mtu.

Nirudi kwenye daftari? Nusu. Usitupe programu leo, ila kuanzia kesho daftari lirudi kaunta litembee pamoja na programu mwezi mzima. Sio kuandika kila pipi, hapana, andika zile bidhaa 10 zinazotembea sana, idadi asubuhi na idadi jioni, na hela ya kufungia. Hiyo dakika 15 ya jioni ni ndogo kuliko hasara ya kumpoteza mfanyakazi mwaminifu. Waambie wauzaji kwa maandishi kwamba una siku 14 za kusubiri hii bagi moja, zile nyingine zinaweza kusubiri. Kama kuna hela ya mwisho hujawamalizia basi usimalizie kwanza. Zikipita siku 14 bila kitu, omba data zako zote kwenye faili la Excel uhame. Na hili la data waulize leo, wakati bado mnaelewana, maana mkishagombana ndo utaambiwa seva iko matengenezo.

Toleo jipya likija usiliweke kwenye vifaa vyote siku moja. Weka kwenye simu moja, tena siku isiyo na wateja wengi, rudia lile jaribio la kuzima data, ukiridhika ndo ziingie na zingine. Wakubwa wenyewe ndo wanavyofanya, Play Store inamruhusu mwenye apu kuitoa kwanza kwa asilimia ndogo ya watumiaji ikileta shida aisimamishe. Ila usije ukaelewa kwamba apdeti zote ni za kukwepa. Apdeti za usalama za simu na hiyo laptopi weka mapema. Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu moja la Windows, Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo kikafunga kompyuta dunia nzima mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na waliolia wengi ni wale waliosema "ntaapdeti baadae".

Kuna mahali maandishi yangu hayatoshi na inabidi upate mtu wa kukaa nae mezani. Kama umefanya jaribio lile na hukupata mistari pacha lakini upungufu unaendelea, tafuta mhasibu apitie wiki mbili za mauzo, stoku na lipa namba kwa pamoja, na fundi mwingine asiye wa kampuni iliyokuuzia aangalie rekodi za seva. Gharama ipo ila utajua. Kama hesabu hizo umeshazitumia kwenye makadirio ya kodi basi mwambie mhasibu mapema kabisa, mauzo yaliyojizidisha maana yake umejitangazia mauzo ambayo hujafanya.

Na binti. Sheria ya kazi ya Tanzania haimruhusu mwajiri kukata tu mshahara kufidia hasara, lazima kuwe na makubaliano ya maandishi, ionekane ni kosa lake kweli, na apewe nafasi ya kujieleza. Akienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na skrinishoti za mistari pacha mkononi, wewe na mume wako ndo mtakuwa na kazi ya kueleza. Lakini acha sheria. Mrudishie elfu 60 yake wiki hii hata kabla majibu hayajapatikana, mkae nae, mumwambie tunachunguza programu, halafu muulize swali ambalo nadhani hamjawahi kumuuliza: ikiganda huwa unafanyaje? Yeye ndo anashinda na hiyo simu kutwa nzima, huenda anajua siku, saa na bidhaa, amenyamaza kwasababu aliona mmeshaamua. Lile jaribio la sabuni fanya na yeye, ndo awe mtu wa kuzima data. Halafu niandikie mistari imetoka mingapi.